Korti ya Kijiji Haina Rufaa

Mtu akishatazama filamu za Marekani, akaona raia 12 wamejifungia chumbani wakibishana kama mshtakiwa ana hatia, huniuliza kwa nini Kenya hatuna baraza kama hilo. Mimi humjibu: tunalo. Njoo Manga nikuonyeshe. Tofauti ni kwamba la kwetu halina jaji, halina wakili, na halina rufaa.

Mahakamani, jaji wetu huamua peke yake. Wazee washauri waliokuwa wakiketi naye katika kesi za mauaji waliondolewa kisheria mwaka 2007, na hata walipokuwepo maoni yao hayakumfunga. Kinachomfunga jaji ni kanuni. Pasipo shahidi wa macho, kuna dalili tu, yaani ushahidi wa kimazingira. Tangu kesi ya Kipkering arap Koske, mwaka 1949, dalili hizo hazitoshi kumtia mtu hatiani ikiwa zina maelezo mengine yoyote ya busara. Kesi ya Simoni Musoke ya 1958 ikakazia: kabla ya kuamua, hakikisha hakuna jambo jingine linalodhoofisha ushahidi huo.

Sasa sikiliza ushahidi wa kijijini. Nyanya ana miaka 80. Macho yake mekundu. Ameonekana nje usiku. Juzi alimsalimia mtoto, jana mtoto akaugua. Basi, omorogi ndiye huyo! Nani aliuliza kama macho yale yameharibiwa na moshi wa kuni? Nani aliuliza kama mtu wa umri ule huamka usiku kwenda choo? Na malaria je, ilihama Gusii lini?

Mei 2008, watu wasiopungua 11, wengi wao wanawake wazee, walichomwa hadi kufa hapa Kisii. Oktoba 2021, huko Marani, ikawa zamu ya wanawake wanne. Hukumu ile ile, moto ule ule.

Wengine huniambia, "Wewe umesoma, hujui mambo ya usiku." Haya, tuseme sijui. Mbona basi anayetajwa ni ajuza au mjane asiye na wa kumtetea? Na mbona mara nyingi ukichimba kidogo chini ya uvumi unakuta mpaka wa shamba?

Kinachoniudhi zaidi ni kinachofuata. Polisi wakifika, kijiji kilichohukumu kwa macho mekundu sasa kinadai ushahidi kamili. "Mimi sikuona. Kulikuwa na giza." Umati mzima ulikuwa pale, shahidi hapatikani hata mmoja! Mwendesha mashtaka anabaki na dalili chache, na washtakiwa wanapewa manufaa ya shaka ambayo nyanya hakupewa.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kanuni ilegezwe ili wauaji wafungwe upesi. Ni haki yao kama ilivyokuwa haki ya nyanya. Nataka ifike vijijini. Siku jina la mtu litakapotajwa matangani, uliza kwa sauti, mbele ya watu: ni nini kingine kinachoweza kueleza jambo hili? Uliza kabla kiberiti hakijatafutwa. Na kama ulikuwepo na ukaona, ndugu yangu, nenda kortini ukaseme.