NJIA YA MWONGO NI FUPI: MANENO YETU KWA WAANDIKISHAJI WA KAZI

Ndugu wafanyakazi,

Habari tulizopata kutoka Homa Bay, Oyugis, Rongo na Migori zimetosha, nasi hatuwezi kunyamaza tena. Watu wanafungua ofisi ya meza moja na viti viwili, wanabandika picha ya ndege ukutani, wanawaita vijana wetu waje kuandikwa kazi Saudi Arabia na Qatar. Wanataka pesa za fomu, pesa za daktari, pesa za pasipoti, tena pesa za kuharakisha. Baada ya miezi mitatu mlango una kufuli.

Mwenzetu mmoja wa karakana ana ndugu mdogo huko upande wa Migori. Kijana huyo aliuza ng'ombe wawili walioachwa na marehemu baba yao, akalipa, akapewa karatasi yenye muhuri. Siku ya safari alifika na sanduku lake, akamkuta mwenye nyumba anafagia chumba kitupu. Mwenzetu alikuwa amekopa ili amwongezee, na mpaka leo anakatwa mshahara kila mwezi. Basi asituulize mtu kwa nini watu wa reli wanaingilia mambo haya. Mishahara yetu ndiyo inayolipa.

Hatusemi kuandikisha watu ni kazi mbaya. Mwajiri anatafuta mikono, na mikono inatafuta kazi. Anayewakutanisha kwa haki anastahili kula. Lakini tunawaambia hawa mabwana wa miezi mitatu: ninyi si waandikishaji. Mvuvi wa Mbita anajua kwamba ukivua watoto wa ngege leo, kesho utavuta wavu mtupu. Ninyi mnavua watoto wa ngege.

Kazi hii si ngeni kwetu. Baba zetu na babu zetu walipanda meli za reli pale Homa Bay na Kendu Bay, wakavuka mpaka Kisumu, na hapo wakapanda gari la moshi kwenda kwenye mashamba, kwenye bandari ya Mombasa na kwenye reli yenyewe. Mwandikishaji wa siku zile alilipwa kwa kila kichwa alicholeta. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwataka maofisa na machifu wawahimize watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi, na kila mtu alijua maana ya kuhimizwa na chifu. Kisha kikaja kipande cha kuvaliwa shingoni. Mwezi wa Desemba 1921 watu walikutana Lundha, katika Gem, katika mkutano ulioitwa Piny Owacho, yaani nchi imesema. Kipande na kazi ya kulazimishwa vilikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Mwaka 1936 Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mkataba juu ya kuandikisha wafanyakazi wa makoloni. Mkataba ule uliagiza kwamba chifu asiwe wakala wa kuandikisha, na gharama za safari ya mfanyakazi zilipwe na mwandikishaji au mwajiri. Hayo yaliandikwa kwa ajili ya watu waliotawaliwa, wasio na kura. Leo tuna kura na bendera, na kijana wetu anauza ng'ombe ili anunue kazi! Shirika hilo hilo, katika mkataba wake wa mwaka 1997, lilisema mawakala wasimtoze mfanyakazi ada, wala waziwazi wala kwa mlango wa nyuma. Nasi tunashika neno hilo: anayetaka mfanyakazi ndiye alipe.

Anayetaka kudumu katika kazi hii miaka ishirini, tunamwambia siri yake bila malipo. Kwanza, aijue kazi anayoitangaza: saa ngapi, mshahara gani, makato gani, kulala wapi. Pili, amsomee mtu mkataba kwa lugha aielewayo, hata kama ni Dholuo, kabla hajatia sahihi. Tatu, aweke daftari la watu aliowapeleka, awaulizie hali zao, na mwajiri mwovu asimpelekee mtu wa pili. Nne, mtu akirudi analia, asijifiche. Mwandikishaji wa namna hii hana haja ya picha ya ndege ukutani. Waliorudi salama watamletea wadogo zao.

Na sisi wa chama tusijione wasafi. Sisi pia ni waandikishaji. Wako viongozi wa matawi wanaoonekana na kadi za uanachama wakati wa uchaguzi tu, wakiisha kupata kura hawajulikani walipo. Wana tofauti gani na yule wa ofisi ya kufuli? Tom Mboya, mtu wa Rusinga, alianza kuwakusanya wafanyakazi wa manispaa ya Nairobi akiwa mwenyewe mfanyakazi wao, mkaguzi wa afya. Aliwaandikisha watu aliokuwa akifanya kazi pamoja nao. Anayekatiwa ada kila mwezi ana haki ya kumwona katibu wake kila mwezi.

Wanachama mlio na ndugu nyumbani, pelekeni maneno haya. Wakala lazima awe ameandikishwa na serikali. Ulizeni cheti chake kabla ya kutoa shilingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uwe wa maandishi na uthibitishwe na ofisa wa kazi. Asiyetaka kwenda mbele ya ofisa huyo ana lake jambo. Msitoe pesa bila risiti yenye jina. Mkitapeliwa msione aibu mkakaa kimya. Aibu ni yake, na kimya chenu ndicho mtaji wake.

Nanyi mabwana wa miezi mitatu, wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Sisi watu wa reli tunajua njia ndefu: hutengenezwa taruma kwa taruma, na moja likioza, gari zima huanguka.

Umoja ni nguvu.