Doa la Dari Lisifunikwe kwa Rangi

Sikukuu inapokaribia, nyumba nyingi hupakwa rangi upya, na jambo la kwanza tunalotaka kuwaficha wageni ni lile doa la hudhurungi juu ya sebule. Ndoo ya rangi hununuliwa, na fundi hana sababu ya kukataa kazi. Masika yakirejea, doa nalo hurejea, safari hii likiwa pana zaidi.

Ndugu msomaji, doa lisomwe kwanza. Duara lenye ukingo uliokoza kuliko katikati ni alama ya maji yaliyoingia kisha yakakauka. Chukua penseli, uzungushie ukingo huo na uandike tarehe. Likivuka mstari baada ya mvua, shuku bati au msumari uliolegea. Likikua hata siku za jua, litazame bomba, tangi au kiyoyozi. Wala usidhani kuwa tundu lipo sawasawa juu ya doa. Maji hutambaa kwenye mbao za kenchi na kudondokea mbali na yalipoingilia, hivyo fundi apande darini aifuatilie mbao iliyolowa kuelekea juu.

Vitone vyeusi vilivyotawanyika kwenye pembe, pasipo duara, mara nyingi ni kuvu itokanayo na mvuke wa bafu au jiko uliokosa pa kutokea. Hapo dirisha hufaa kuliko fundi bati.

Kuvu hiyo si suala la urembo. Vijimbegu vyake huelea hewani, na mtoto mwenye pumu alalaye chini yake huweza kuamka akikohoa usiku baada ya usiku. Wazazi hubadilisha mto, hubadilisha godoro, wasinyanyue macho juu.

Jipsamu iliyolainika hata ikabonyea kwa kidole haina tiba, ikatwe. Ikiwa imening'inia kwa uzito wa maji, watoto wahamishwe chumba mara moja, na maji yakikaribia taa, zima swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Sehemu ngumu zisuguliwe kwa maji na sabuni, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa. Dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na siki wala dawa nyingine ya usafi, kwani hutoa hewa ya sumu.

Paa likishazibwa na dari ikakauka kabisa, tanguliza rangi ya mafuta juu ya doa, kisha ndipo ije nyeupe ya sikukuu.