Samaki wa Iceland na mihogo yetu

Kisiwani Iceland hula nyama ya samaki papa yenye harufu kama ya mkojo; wageni huziba pua. Tusiwacheke. Nyama hiyo ikiwa mbichi ni sumu. Wazee wao walijua kuizika changaraweni majuma kadhaa, kisha kuitundika upeponi miezi mingi, ndipo ikalika.

Na sisi je? Mihogo michungu nayo ina sumu, na mama zetu huiloweka siku tatu au nne. Huko Kwango, njaa ilipowahimiza watu kuiloweka siku moja tu, wanawake na watoto walipooza miguu: ndiyo konzo, ugonjwa ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938.

Juzi sokoni tulimwuliza muuzaji mihogo yake ililala majini siku ngapi. Alicheka, asijibu.