Tharoor na ng'ombe watakatifu

Jamani, Shashi Tharoor ana kipaji cha kujitafutia balaa kwa mdomo.

Septemba 2009 alikuwa naibu waziri wa mambo ya nje wa India, na serikali yao ilikuwa imetangaza kubana matumizi. Mwandishi mmoja akamuuliza kwenye Twitter kama sasa atapanda "daraja la ng'ombe", yaani vile viti vya bei nafuu kwenye ndege. Akajibu kwamba bila shaka, kwa mshikamano na ng'ombe wetu watakatifu wote. Weee! Chama chake cha Congress kilikuja juu mpaka akaomba radhi. Huyu ni mtu aliyefanya kazi Umoja wa Mataifa karibu miaka 30, akagombea ukatibu mkuu mwaka 2006 na kuwa wa pili nyuma ya Ban Ki-moon!

Mimi ule utani haukunikera hata kidogo. Lililonikera ni la Aprili 2010. Ilifichuka kwamba rafiki yake Sunanda Pushkar, aliyemwoa Agosti mwaka huo, alipewa hisa bila kuzilipia katika timu ya kriketi ya Kochi, timu ambayo Tharoor aliipigia debe iingie ligi ya IPL. Alikana kujinufaisha, bibie akaziachia hisa, naye akajiuzulu. Oktoba 2012 akarudishwa serikalini. (Kifo cha Sunanda cha 2014 ni jambo jingine kabisa, mahakama ya Delhi ilimfutia Tharoor mashtaka Agosti 2021.)

Ukiwauliza mashabiki wake kuhusu hisa, wanakutumia video ya Oxford ya 2015, alipotaka Uingereza iilipe India fidia ya ukoloni, hata pauni moja kwa mwaka kwa miaka 200. Hotuba nzuri mno, nimeiangalia mara nyingi tu. Ila hisa haizungumzii.

Congress nao wananishangaza. Oktoba 2022 aligombea urais wa chama, akapata kura 1,072 dhidi ya 7,897 za Mallikarjun Kharge. Mei 2025 serikali ya Modi ikamteua kuongoza ujumbe kwenda Marekani na kwingineko kuitetea India baada ya mapigano na Pakistan. Congress walikuwa wamepeleka majina manne, lake halimo! Alipokubali, wakanuna. Walitaka akatae kwa heshima ya chama kilichomwacha nje ya orodha?