Moshi wa Mji na Daftari la Mahudhurio

Yafaa tukumbuke ya kwamba daftari la mahudhurio hutaja nani amefika kazini na nani hakufika, lakini halitaji sababu. Basi mtumishi akosaye mara kwa mara huitwa mvivu, naye huandikiwa barua ya onyo. Pengine ni haki, pengine siyo. Leo twataka kunena juu ya sababu moja isiyofikiriwa sana, nayo ni moshi wa mjini.

Moshi wa magari, wa viwanda na wa taka zichomwazo una chembe ndogo mno, zishukazo hata ndani ya mapafu. Hizo huamsha pumu na kikohozi, na kuudhuru moyo.

Kwamba jambo hili hupunguza kazi si dhana yetu tu. Katika jiji la Mexico kiwanda kikubwa cha kusafishia mafuta kilifungwa mwaka 1991. Wataalamu waliochunguza mitaa ya karibu, wakatangaza habari zao mwaka 2015, waliona ya kwamba hewa ya salfa ilipungua karibu sehemu 20 katika kila 100, na saa za kazi za wakazi zikaongezeka kama saa 1 na robo kila juma. Na huko Lima, nchi ya Peru, uchunguzi wa mwaka 2017 ulionyesha ya kwamba hewa ikichafuka kwa kiasi, wapunguzao saa za kazi ni hasa wenye watoto wadogo au wazee nyumbani. Yamkini hubaki kuwauguza.

Kwetu sisi, wapatwao kwanza ni wasio na dirisha la kufunga: matarishi, wafagiaji wa barabara na askari wa njia panda. Nao mshahara wao ni mdogo. Ukikatwa siku moja, chungu cha nyumbani hupungukiwa.

Kwa hiyo twawasihi wakuu wa idara waulize kabla ya kuonya, na wenye mamlaka ya miji wakomeshe uchomaji wa taka karibu na nyumba na maofisi.

Nasi wanachama tuna wajibu wetu. Mgonjwa na alete cheti cha daktari bila kukawia. Na mzima asijifiche nyuma ya moshi, kwani mmoja akidanganya, wagonjwa kumi hawatasadikiwa. Wala tusichome taka nyuani kwetu, kisha tukalalamikia moshi wa wengine.

Wazee walinena, pafukapo moshi pana moto. Basi na tuutafute moto, tusimlaumu akohoaye.