KUTU IKO NDANI



Hapa Busia na Malaba hakuna asiyejua pikipiki. Jina lenyewe boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu, enzi abiria walipovushwa kwa baiskeli kutoka Kenya kuingia Uganda. Kwa hivyo leo nakuhubiria kwa tangi la pikipiki, na najua utanielewa.

Tangi langu lilianza kuvuja upande wa chini. Nilifanya kile kila mtu wa boda anajua: nikasugua kipande cha sabuni kwenye tundu, ikashika. Siku mbili, harufu ya petroli ikarudi. Nikasugua tena. Karibu mwezi mzima nilienda hivyo, na kila asubuhi nilimkalisha mtoto wangu mbele, juu ya tangi hilo hilo, nikimpeleka shule. Petroli inadondoka karibu na injini ya moto! Ni neema ya Mungu tu.

Mwishowe nikampelekea fundi Malaba. Nikamwambia, "Nichomelee haraka, nina ibada." Akafungua kifuniko, akamulika ndani. "Pasta, tundu si shida yako. Angalia kutu." Maji yakiingia kwenye petroli hukaa chini kabisa, yanakula chuma polepole, na wewe nje unaona rangi inang'aa. Tena akakataa kuchomelea siku hiyo. Tangi likimwagwa petroli bila kuoshwa, mvuke uliobaki ndio hulipuka.

Akaliosha, akatia siki na nati kuukuu, akalitikisa, akaliacha lilale. Kesho yake tundu moja lilikuwa matatu. Kutu ndiyo ilikuwa imeziba yale mengine. Akachomelea yote.

Mpendwa, kanisani tunapenda sabuni. Mwezi huo huo nilikuwa na deni ambalo mama watoto hakulijua. Nilimletea mkate jioni, nikatabasamu, nikahubiri Jumapili kwa sauti kubwa. Sabuni hiyo! Nilipotoka kwa fundi nilimkalisha chini, nikamwambia. Na nilipoanza kusema, yakatoka mengine mawili niliyoyaficha. Alilia. Ilikuwa wiki ngumu. Lakini leo nyumba yangu hainuki petroli.

Nasema hivi, na wachungaji wenzangu mnisikie: tumezidi kuombea tundu na kuacha kutu. Mtu anakuja madhabahuni kuombewa amani ya nyumba, na ukweli bado ameufungia ndani. Yesu aliwaambia Mafarisayo waanze kusafisha kikombe kwa ndani (Mathayo 23:26). Usiogope matundu yakiongezeka. Afadhali uyaone sasa kuliko yakuwakie ukiwa umembeba mtoto.

Na fundi aliniambia neno la mwisho: nisiache tangi tupu, kutu itarudi. Ukishatubu, jaza. Jaza Neno, jaza maombi.

Ni wapi umepaka sabuni? Usiniandikie mimi hapa. Mwambie Mungu leo, kisha umwambie yule uliyemficha.

Ubarikiwe. Amina.