Tusirudi kwenye Muhogo Mtupu

Ni jambo la kutia moyo kuona kwamba wananchi wengi wa Unguja na Pemba siku hizi wanazungumzia kurudi kwenye vyakula vya asili. Maradhi ya kisukari na shinikizo la damu yameingia katika nyumba nyingi, na madaktari hawachoki kuwanasihi wagonjwa wapunguze mchele mweupe, boflo, sukari na vitu vya kukaanga, wale vyakula visivyokobolewa wala kupitishwa mno viwandani. Nasaha hiyo ni njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini ipo hatari moja isiyosemwa vya kutosha, nayo ni kudhani kwamba chakula kikiwa cha asili basi tayari ni mlo kamili.

Mara nyingi mtu anayeazimia kubadili ulaji wake hubadili kitu kimoja tu: huondoa wali, akaweka muhogo. Mchuzi hubaki upawa ule ule, mboga za majani hazipo, na tunda halionekani. Haupiti muda mrefu akaanza kulalamika kwamba hashibi na mwili hauna nguvu, kisha akarudi kwenye wali wake huku akivilaumu vyakula vya asili. Kosa si la muhogo. Kosa ni kuanza safari bila ya mpango.

Historia inatupa mashahidi wawili, wote kutoka kandokando ya Bahari hii yetu ya Hindi. Wa kwanza ni kisiwa cha Java. Huko, katika miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman aliona kuwa kuku waliolishwa wali wa mchele uliokobolewa walilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda lake la ndani walipona. Hiyo ilikuwa njia ya kuelewa maradhi ya beriberi, yanayotokana na upungufu wa vitamini B1, na Eijkman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Shahidi huyu anatuambia kwamba kukoboa nafaka kupita kiasi ni kutupa uhai wake jaani.

Shahidi wa pili yuko karibu zaidi. Mwaka 1981, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa maradhi yajulikanayo kwa jina la konzo. Ulikuwa wakati wa ukame. Watu walikula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa kwa muda wa kutosha kuondoa sumu yake, wala hawakuwa na kitoweo cha kuupatia mwili protini ya kuikabili sumu hiyo. Muhogo ule ulikuwa chakula cha asili kabisa, wala haukupita kiwandani. Lakini ulikuwa peke yake.

Basi mpango uweje? Mafundisho ya zamani ya lishe, yaliyoenezwa pia Tanzania Bara katika kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, yangali yanafaa: kila mlo uwe na chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Anayeanza na aitazame sahani yake hivi. Nusu iwe mboga na matunda. Robo iwe muhogo, majimbi, viazi vitamu, shelisheli, mtama au mchele usiokobolewa sana. Robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, mayai, au nafaka za jamii ya kunde. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini ya gramu 1 na kidogo tu, lakini kiasi hicho hicho cha choroko kavu kina zaidi ya gramu 20. Ndiyo maana mbaazi za nazi hazikuwekwa kando ya mkate kwa ajili ya ladha pekee.

Kwa mfano, asubuhi yaweza kuwa viazi vitamu na yai, pamoja na kipande cha papai. Mchana, mkate wa mofa au wali wa mchele usiokobolewa, kwa kunde, mchicha na samaki mdogo wa kuchoma. Usiku, shelisheli au ndizi kwa choroko na matembele. Mboga zitiwe tui kidogo, kwani vitamini A huhitaji mafuta ili mwili uipokee. Kunde na majani zikamuliwe ndimu, kwani ndimu husaidia madini ya chuma kuingia mwilini, na chai isubiri mpaka chakula kishuke, kwa sababu huyazuia. Hakuna kimoja katika hivi kinachohitaji kuagizwa Ulaya.

Yapo mambo mengine ya kuzingatiwa. Anayetumia dawa za kisukari asibadili ulaji wake ghafla bila ya kumweleza daktari, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Mtoto mdogo ana tumbo dogo. Akijazwa muhogo na majani hushiba kabla ya kupata nguvu za kutosha, hivyo chakula chake kiongezwe tui, njugu au samaki. Wala neno "asili" lisitufanye tuikimbie chumvi iliyotiwa madini joto, kwani chumvi ya bahari peke yake haina kiasi cha kutosha cha madini hayo.

Tunajua kwamba wapo watakaosema haya ni mazungumzo ya wenye nafasi. Kunde hula makaa mengi, na samaki ana bei. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kunde zikirowekwa usiku kucha huiva kwa makaa machache zaidi, na dagaa wachache wanaoliwa wazima, mifupa na yote, huupa mwili protini na chokaa kwa pamoja. Ipo na hoja ya moyoni. Wazee wetu wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970, mchele ulipokuwa wa mgao na nyumba nyingi zikishinda kwa muhogo na ndizi. Kwao kuambiwa "kuleni muhogo" ni kama kurudishwa kwenye dhiki. Hatuwezi kuwalaumu. Ila kila Ramadhani muhogo huo huo, ukipikwa futari kwa nazi na kuandamana na samaki, huwa ndio heshima ya jamvi. Tofauti ya dhiki na neema ni kile kilichowekwa kando yake.

Hapa ndipo tunapowageukia wakubwa wa Serikali. Haitoshi kuwausia wananchi kwenye makongamano ambako wao wenyewe wanaandaliwa soda na maandazi. Serikali ndiyo mpishi mkubwa kuliko wote Visiwani: inapika hospitalini, inapika katika dakhalia za wanafunzi, inapika makambini. Majiko hayo na yawe mfano. Zabuni za chakula zitaje kunde, mboga na matunda kwa uzito unaojulikana, si magunia ya mapembe na maharage ya kubahatisha. Mkulima akiwa na hakika ya mnunuzi, atalima. Na bwana shamba anayehimiza muhogo ahimize pia choroko na kunde katika shamba hilo hilo, na mama wa nyumba aelekezwe kupanga chungu cha wiki nzima kwa fedha aliyonayo.

Sehemu kubwa ya mchele tunaokula hutoka nje ya Visiwa vyetu, ilhali dawa za maradhi yatokanayo na ulaji mbovu nazo hununuliwa kwa fedha nyingi. Kwa hiyo kurudi kwenye vyakula vyetu ni jambo la busara, na tusilicheleweshe. Lakini turudi na chungu kizima: muhogo na kunde, samaki na mchicha, embe na ndimu. Anayerudi na muhogo mtupu bado hajafika.